Mkanda Mkali, Vidole Kumi

Anayeingia Mafinga kwa barabara kuu ya Iringa na Mbeya huonana na mbao kabla hajaonana na mji. Mbili kwa nne zimepangwa zikauke, mabanzi yamefungwa mafungu ya kuni, na nyuma ya kila yadi kuna rundo la unga wa mbao. Jirani ni Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya Serikali nchini Tanzania, na kutoka hapo hadi Njombe na Makete wananchi wenyewe wamejaza vilima kwa misindano na milingoti. Kwa miaka mingi miti hiyo imepasuliwa na dingdong, mashine ndogo ya msumeno wa duara ambayo huvutwa kutoka shamba moja hadi jingine. Siku hizi baadhi ya yadi zina mashine ya namna nyingine: msumeno wa mkanda uliolazwa, ambao kichwa chake hutembea juu ya reli huku gogo likiwa limetulia.

Sababu ya kuhama ni hesabu. Msumeno wa duara wa aina hiyo hula milimita 7 hivi za mti kila unapopita. Mkanda hula 2 hadi 2.5. Ichukuliwe boriti yenye kimo cha milimita 220, itolewe mbao za milimita 25. Kwa msumeno wa duara zitatoka 7. Kwa mkanda zitatoka 8. Ubao wa nane haukuletwa na mti mnene zaidi wala na mnunuzi mkarimu. Ulikuwa unasagwa na kumwagwa. Kwa mpasuaji anayemaliza boriti nyingi kwa siku, hiyo ndiyo faida yenyewe.

Lakini wembamba ule unaoleta faida ndio udhaifu wa mashine. Mkanda wa kawaida una mzingo wa mita 4 hivi, upana wa milimita 32 au 38, na unene wa milimita moja na kidogo. Unavutwa kwa nguvu kati ya magurudumu mawili na kuzungushwa kwa kasi inayokaribia mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa: mwendo wa basi la mkoani, katika kipande cha chuma kinachoweza kukunjwa kwa mikono. Historia yake inaonyesha hivyo hivyo. William Newberry alipata hataza ya msumeno wa mkanda Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, ila mashine haikufaa kitu kwa miongo kadhaa kwa sababu mikanda haikudumu. Njia nzuri ya kuunga ncha zake ilipatikana mwaka 1846, kazi ya mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crepin. Chuma cha leo ni bora kuliko chao, lakini mkanda ungali ndio sehemu inayoamua kama siku itakwisha kwa mbao zilizonyooka au kwa safari ya hospitali.

Hapo ndipo waendeshaji wengi wanapokosea hesabu. Wanafikiri ukali ni suala la ubora wa mbao, na usalama ni suala la glovu na kofia. Kwa msumeno wa mkanda mambo haya mawili ni kitu kimoja. Mkanda butu hulazimisha mtu asukume. Anaposukuma, mkanda hupata joto, hurefuka, hulegea, huanza kutangatanga ndani ya gogo, hupasuka kwenye bonde la jino, kisha hukatika. Ajali nyingi zinazosingiziwa bahati mbaya zilianza saa nzima kabla, pale mtu alipoona mkanda umechoka akasema tumalizie gogo hili kwanza.

Kabla injini haijawaka

Mahali pa kuweka mashine pachaguliwe kwa macho ya mtu atakayeshinda hapo kutwa. Ardhi iwe imara na tambarare, na mashine isimame juu ya miguu yake, si juu ya matairi. Kila mguu uwekewe kipande kipana cha ubao chini yake, maana udongo wa hapa wilayani Mufindi wakati wa mvua hulainika na mguu mmoja ukizama sentimita moja, reli nzima inapinda na mbao zote zinazofuata zinatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Pima maji itumike kwa urefu na kwa upana. Magogo yaje upande mmoja, mbao zitoke mwingine, na unga utupwe kule upepo unakoelekea. Mashine ya petroli au dizeli isiendeshwe ndani ya banda lililozibwa pande zote. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Gogo si mzigo wa kuchezea. Msindano mbichi wenye urefu wa futi 12 na kipenyo cha sentimita 30 una uzito wa kilo 200 na zaidi. Likitelemka kutoka kwenye rundo, hakuna mtu wa kulizuia kwa mguu. Rundo lisukumiwe kabari pande zote, magogo yashushwe moja moja kwa mtaimbo au kwa mkono maalumu wa kugeuzia, na anayeyashusha akae pembeni, kamwe asiwe upande wa mteremko.

Mavazi yanahitaji neno la ziada kwa sababu ya baridi. Mwezi wa Juni na Julai Mafinga huamka na umande mzito, na vibarua huja wamejifunga makoti makubwa, skafu na hata mashuka. Nguo ya kuning'inia karibu na belti inayozunguka ni mwaliko wa ajali. Afadhali sweta la kubana chini ya ovaroli. Buti ziwe na ncha ya chuma, macho yafunikwe kwa miwani ya kazi, na masikio yazibwe: desibeli 85 kwa saa nane ndicho kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya ya kazi kama mpaka, na injini ya mashine hii ikifanya kazi karibu na kichwa cha mtu huuvuka kwa urahisi. Barakoa nayo si urembo. Tangu 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Ugonjwa huo hautokei kwa wiki moja ya kazi, na ndiyo maana watu huupuuza.

Glovu zina masharti. Za ngozi ni lazima wakati wa kushika mkanda, kugeuza gogo na kubeba mbao. Si za kuvaliwa na mtu anayesogeza mkono karibu na kitu kinachozunguka, na kwa kweli hakuna sababu ya mkono wowote kuwa hapo.

Kisha kuna wasiokuwa kwenye orodha ya kazi: watoto wanaokuja kuokota mabanzi, akina mama wanaosubiri kuni, mwenye shamba anayetaka kuhesabu mbao zake kwa karibu. Yadi iwe na kamba au alama ya mpaka, na mabanzi yarushwe nje ya mpaka huo ili asiwepo mwenye haja ya kuuvuka. Mkanda ukikatika kwa kawaida hubaki ndani ya vifuniko vyake, ila kipande kinaweza kuchomoka kwa mstari wa mzunguko wake. Kwa hiyo hakuna anayesimama usawa wa magurudumu, mbele ya mashine wala nyuma yake, mkanda ukiwa unazunguka. Mwendeshaji anakaa mahali alipopangiwa na mtengenezaji, msaidizi anasubiri mkanda usimame ndipo aje kuchukua ubao. Na kwa kuwa wote wameziba masikio, wakubaliane ishara za mkono mapema: simama, endelea, zima.

Mwajiri hana uhuru wa kuchagua kuhusu haya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka asajili eneo lake la kazi kwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na awape watu wake vifaa vya kujikinga, na kumsajili mfanyakazi katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kunamgharimu kidogo kuliko kumuuguza aliyepoteza mkono.

Gogo linavyosomwa

Mchanga unaua mkanda kuliko fundo. Gogo lililoburutwa kwenye njia ya trekta hubeba kokoto ndani ya magome, na meno yaliyonolewa asubuhi hupoteza makali yake katika pasuo la kwanza. Liburutwe likiwa limeinuliwa ncha, au lisuguliwe kwa brashi ya waya, au libanduliwe gome pale mkanda utakapoingilia. Dakika tano hizo ndizo rahisi kuliko zote kwenye kazi hii.

Chuma ndani ya mti ni hadithi nyingine. Miti ya msituni Sao Hill haina shida hiyo sana, lakini mlingoti au mgrevilea uliokua kwenye mpaka wa shamba, karibu na nyumba au zizi, mara nyingi umemeza misumari na seng'enge. Dalili yake kwenye miti yenye tanini ni doa la bluu iliyoiva au nyeusi kwenye kichwa cha gogo, pale kutu ilipokutana na utomvu. Kifaa kidogo cha kutambua chuma ni cha bei ya mkanda mmoja au miwili. Gogo la mpakani ambalo halijakaguliwa lisipewe mkanda mpya. Lipewe ule uliobakiza maisha mafupi.

Gogo likishapanda kitandani, linafungwa kwa vibano na kuegemea nguzo za pembeni. Kosa la kawaida hapa ni la macho: mwendeshaji anashusha kichwa kwa ajili ya pasuo la chini na kusahau kwamba nguzo au kibano bado kimesimama juu ya mstari. Mkanda ukigonga chuma kile, meno yanakwisha papo hapo. Kabla ya kila pasuo jicho lipite kwenye reli nzima, kutoka kichwa cha gogo hadi mkia.

Magogo yenye shina nene na ncha nyembamba huinuliwa upande wa ncha hadi moyo wa mti uwe sambamba na kitanda, vinginevyo nyuzi zinakatwa kwa mshazari na ubao unakosa nguvu. Mlingoti una tabia ya pekee: umejaa msukumo wa ndani, na ubao unapoachana na gogo hujikunja kama uliokuwa umefungwa kwa nguvu. Dawa yake ni kutoendelea upande mmoja. Mbao mbili tatu zikitoka juu, gogo ligeuzwe nyuzi 180 zitoke nyingine upande wa pili, ili msukumo upungue kwa uwiano. Msindano ni mpole zaidi, ila utomvu wake hunata kwenye mkanda.

Utomvu huo ndio sababu ya tangi dogo la maji lililo juu ya kichwa cha mashine. Maji yenye sabuni ya maji kidogo yadondoke tone kwa tone, si kumiminika. Kama mkanda unatoka safi, bomba lifungwe kabisa. Wapo wanaotia dizeli badala ya maji. Inasafisha kweli, lakini inachafua mbao, inaozesha mpira wa belti, na inapakwa karibu na ekzosi ya moto na unga mkavu. Mwandishi wa makala hii haoni faida inayostahili hatari hiyo.

Kupasua

Vifuniko vyote vifungwe, kisha injini iwashwe, kisha mkanda uzungushwe bila gogo kwa nusu dakika huku mwendeshaji akisikiliza. Mlio wa tiki-tiki wa kujirudia una maana ya ufa, uungio mbaya au jino lililopinda. Zima, fungua, tafuta.

Mkanda uingie gogoni polepole mpaka upana wake wote uwe ndani, halafu mwendo uongezwe mpaka injini ianze kufanya kazi kwa bidii bila kuzama. Haraka kupita kiasi huleta mawimbi. Polepole kupita kiasi nako kuna madhara ambayo wengi hawayajui: meno husugua badala ya kukata, na kusugua hutia joto na ubutu. Unga wa mbao unasema ukweli. Ukiwa chembe chembe, mambo ni mazuri. Ukiwa laini mithili ya poda na wa moto mkononi, mwendo ni mdogo mno au makali yamekwisha. Kipimo hicho kichukuliwe kwenye unga uliokwisha anguka chini. Mdomo wa kutolea unga ukiziba, mashine izimwe ndipo uzibuliwe, na uzibuliwe kwa kijiti.

Mkono wa nje unaobeba roli ya kuongoza mkanda usogezwe karibu na gogo kadiri inavyowezekana, sentimita mbili tatu kutoka sehemu yake pana. Kila sentimita ya mkanda isiyo na mhimili ni nafasi ya kutangatanga.

Sehemu ya hatari zaidi ni kurudi. Ubao umekatika, kichwa kimefika mwisho, na mwendeshaji mwenye haraka anakirudisha huku mkanda ukizunguka. Kibanzi kimoja kilichochomoza hunasa nyuma ya mkanda na kuuvua kwenye magurudumu. Utaratibu ni huu: klachi iachiwe mkanda usimame, ubao au banzi liondolewe, kichwa kiinuliwe kidogo, ndipo kirudi. Na mkanda ukikwama katikati ya gogo, injini izimwe kwanza, kabari ipigwe kwenye mfereji nyuma ya mkanda ili uachie, kisha kichwa kivutwe taratibu. Kujaribu kurudi nyuma kwa nguvu za injini kumeharibu mikanda mingi isiyo na hatia.

Kabla ya mkono wowote kugusa mkanda, iwe ni kung'oa kibanzi au kukaza roli, injini izimwe na ufunguo utolewe. Kwenye mashine isiyo na ufunguo, waya wa plagi uchomolewe. Klachi pekee haitoshi, maana inaweza kujishika yenyewe.

Mkanda: kuuvua, kuunoa, kuutupa

Mikanda husafirishwa imekunjwa duara tatu, na ikifunguliwa vibaya hurukia uso. Ifunguliwe nje, mahali penye nafasi, mtu akiwa na glovu na miwani, mikono imenyooka mbali na mwili, hakuna mwingine karibu. Kamba ikikatwa, duara moja linashikwa imara na mengine yanaachwa yajifungue kwa utaratibu. Ukiisha funguka, meno yatazamwe: yaelekee kule mkanda unakozunguka. Yakielekea kinyume, mkanda hugeuzwa nje ndani. Wageni wengi wa mashine hii wamepiga simu kulalamika kwamba mkanda mpya haukati, kumbe unazunguka kinyumenyume.

Mkanda ukae kwenye gurudumu kiasi kwamba meno na mabonde yake yachomoze nje ya ukingo, kwa mkanda wa milimita 32 ni milimita 3 hivi. Ukaziwe kufuatana na kipimo cha kitabu cha mashine. Baada ya magogo mawili matatu ya kwanza kipimo kitazamwe tena, kwa sababu joto limeurefusha. Jioni ulegezwe. Mkanda uliokazwa moto ukaachwa upoe usiku hujikaza wenyewe zaidi, na nyufa huanza hapo; pia belti zilizovishwa magurudumu hupata vishimo ambavyo asubuhi vitatikisa kichwa kizima.

Roli za kuongoza ziusukume mkanda chini kidogo ya mstari wake, kwenye mashine nyingi milimita 6 hivi, na ukingo wa roli uache nafasi ya milimita 2 au 3 nyuma ya mkanda unapozunguka bure. Mkanda unaogusa ukingo muda wote hupata joto mgongoni na kupasuka kutoka nyuma.

Sasa kunoa. Ushauri wa watengenezaji wakubwa, Wood-Mizer ya Indiana, Marekani, ikiwemo, ni kwamba mkanda utolewe baada ya saa mbili hivi za kukata hata kama unaonekana bado unakata. Hilo linawakera wenye mashine wanaoona mkanda kama tairi, litumike mpaka liishe. Lakini mkanda haufi kwa kuisha meno. Hufa kwa uchovu wa chuma, na mkanda butu huchoka upesi. Anayeunoa mapema huunoa mara nyingi kabla haujakatika. Anayesubiri huununua tena. Kwa hiyo yadi ihesabu mikanda kumi kama akiba ya chini, na mwenye fedha za kununua ama injini kubwa ama mashine ya kunolea, aanze na ya kunolea.

Jino kali halirudishi mwanga kwenye ncha yake. Butu lina kimstari cheupe kinachong'aa. Kabla ya jiwe kugusa chochote, mkanda usafishwe utomvu na kukaguliwa mabonde yote. Wenye ufa hata mdogo ukatwe vipande papo hapo ili kijana wa yadi asije akaurudisha kazini. Kisha seti. Meno hukunjwa kupishana, moja kulia, moja kushoto, moja likibaki katikati kwenye mikanda mingi, na kiasi cha mkunjo ni nusu milimita hivi kila upande. Hukunjwa sehemu ya juu ya jino tu, hupimwa kwa geji, na hufanywa kabla ya kunoa, si baada. Mti laini mbichi unataka seti pana kidogo kuliko mti mgumu mkavu.

Jiwe lipite umbo lote: uso wa jino, chini kwenye bonde, na mgongo wa jino linalofuata, likiondoa tabaka jembamba kila mahali. Anayenoa ncha peke yake hupata ukali wa leo na nyufa za kesho, kwa sababu nyufa ndogo za uchovu ziko chini bondeni na hazijaondolewa. Rangi ya bluu kwenye ncha ina maana chuma kimeungua na kitakwisha haraka. Jiwe lipoozwe kwa mafuta na liguse kwa wepesi. Kwenye boksi la mikanda huandikwa namba mbili, kama 10/30 au 4/32. Ya kwanza ni nyuzi za uso wa jino, ya pili ni za mgongo wake. Msindano hukubali 10. Mlingoti mkavu na miti yenye mafundo hutaka 7 au 4. Mnoaji asibadili nyuzi hizo kwa kubahatisha.

Ufundi huu una shule yake. Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, cha Moshi hufundisha upasuaji wa mbao na unoaji wa misumeno, na Mafinga kwenyewe kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichoanzishwa chini ya programu ya Panda Miti Kibiashara iliyofadhiliwa na Finland. Siku chache za darasa hapo zinafaa kuliko miezi ya kuharibu mikanda ya tajiri.

Ubao unapokwenda kombo

Mawimbi yanayopanda na kushuka kwa urefu wote wa ubao yana washukiwa wanne, na wachunguzwe kwa mpangilio huu: makali, ukazaji, utomvu ulioganda, halafu seti. Mwendo mkali ni wa tano. Mkanda unaopanda tu au kushuka tu, bila kurudi, ni kesi tofauti. Ama umegonga kitu na meno ya upande mmoja yamepoteza makali, ama roli moja ya kuongoza imeinama. Ukibadilishwa mkanda na tatizo likabaki, lawama ni ya roli. Ubao mnene upande mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho si wa mkanda kabisa. Ni wa kitanda au miguu, na pima maji irudishwe kazini. Mkanda ukivuka fundo kwa kuruka kidogo kisha kurejea, hilo ni jambo la kawaida la fundo na nyuzi za uso wa jino; mwendeshaji apunguze mwendo.

Injini na reli

Injini ndogo zinazotumika hapa hazina siri. Oili itazamwe kila asubuhi mashine ikiwa tambarare, ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa kitabuni, na daftari la saa liwekwe kwa sababu kumbukumbu ya mtu si daftari. Adui mkubwa ni unga: huziba chujio la hewa, hujaza mapezi ya kupoozea, hulala juu ya ekzosi. Vipulizwe kila siku. Petroli isijazwe injini ikiwa moto, na kizimamoto kiwe hatua chache kutoka kwa mwendeshaji. Kuanzia Julai hadi mvua za Novemba, majani ya nyanda za juu hukauka na cheche moja yadini huweza kuondoka na shamba la jirani, kwa hiyo rundo la unga lihamishwe mara kwa mara na sigara zibaki nje ya mpaka.

Reli zifutwe na kupakwa oili nyepesi. Zisipakwe grisi, grisi hukusanya unga na kugeuka ukoko unaoinua kichwa milimita moja hapa na moja pale. Beringi za magurudumu na roli zizungushwe kwa mkono zikiwa bure: zikinguruma au zikigoma, zimekwisha. Belti za kwenye magurudumu zikilika mpaka mkanda unagusa chuma cha gurudumu, zibadilishwe zote mbili. Breki ya mkanda ijaribiwe kila asubuhi, na ikichelewa kusimamisha, kazi isianze.

Kuhama nako kuna taratibu zake. Mkanda uvuliwe au ulegezwe kabisa, kichwa kifungwe upande wa ndoano ya kuvutia, tangi la maji limwagwe, miguu ipandishwe na pini zake zihakikiwe, upepo wa matairi na taa za nyuma vikaguliwe kabla ya lami. Mbao zilizokwisha pasuliwa zisiondoke bila hati ya kusafirishia kutoka TFS, wakala wa misitu wa Serikali, maana geti halimsikilizi anayesema karatasi iko njiani. Ikifika shamba jipya, mashine isimamishwe, ipimwe upya kwa pima maji kwa urefu na upana, vifungio vya kitanda vikazwe kwa spana, na gogo la kwanza liwe dogo, lipasuliwe ubao mmoja tu. Ubao huo upimwe unene ncha zote mbili na katikati. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, turudi kwenye miguu kabla ya kugusa gogo la pili.